Serikali haimbebi mtu bila kuandika

Vijana wenzangu, leo siandiki juu ya kazi wala juu ya kupelekwa nchi ya tatu. Naandika juu ya mstari mmoja kwenye fomu.

Nilikuwa kambini nasaidia wazee kujaza fomu za familia. Mnajua kazi yetu sisi wa kujitolea: mzee haoni vizuri au hajui kusoma, basi unakaa naye kwenye benchi, unauliza, yeye anasema, wewe unaandika. Akaja mzee mmoja wa Masisi, amepita miaka 80. Tukafika sehemu ya baba: jina, mahali alipozaliwa, mahali alipofia. Mzee akaniangalia, akasema, "Baba yangu, Babeleji balimubebaka wakati ya Kitawala. Hakurudiaka." Nikamuuliza walimpeleka wapi. Akajibu, "Ule alimubebaka njo anajua."

Nikaandika "haijulikani", nikahamia mstari unaofuata. Nyuma yake kulikuwa na watu kama ishirini wanangoja.

Lile neno halikuniacha. Kwa sababu mzee alisema kitu cha maana sana, na mimi nikakifuta kwa neno moja. Hakusema haijulikani. Alisema anayejua yupo, ni yule aliyembeba. Na ni kweli. Mtu akichukuliwa na wezi usiku, huenda asiandikwe popote. Lakini serikali haimbebi mtu bila kuandika. Kuna aliyetia sahihi amri, kuna aliyehesabu wafungwa kwenye lori au kwenye meli, kuna aliyeandika idadi ya chakula. Hoja yangu ni hiyo tu: waliowabeba babu zetu waliwaandika, na karatasi hizo ni zetu pia. Tuzidai, tujifunze kuzisoma, na sisi wenyewe tuache kuandika "haijulikani" ovyo ovyo.

Nikiwa Kigali napenda kwenda maktaba ya Kacyiru, kuna kiti na kuna intaneti. Huko nilisoma habari ambayo sikuitegemea, habari za wafungwa wa Kiingereza. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 160,000. Wengi walikuwa maskini tu, mtu kaiba kondoo, mwingine kaiba nguo. Makarani wakawaandika mmoja mmoja: jina, umri, kosa, meli aliyopanda, kimo, rangi ya macho, makovu, hata michoro ya ngozini. Waliandika vile ili mtu akitoroka akamatwe.

Kwa miaka mingi familia za Australia zilificha jambo hilo. Nani anataka kusema babu yake alifika na minyororo? Leo mambo yamegeuka, wajukuu wanamtafuta mfungwa wao na wakimpata wanafurahi. Mwaka 2007 UNESCO iliziweka rejista hizo kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Na watafiti wameunganisha karatasi za mahakama, za meli, za magereza na za vifo, katika mradi unaoitwa Digital Panopticon, unaofuata maisha ya watu wapatao 90,000 waliohukumiwa katika mahakama ya Old Bailey, London, kati ya 1780 na 1925. Karatasi moja peke yake haisemi kitu. Ukiweka tano pamoja, unaanza kumwona mtu: alihukumiwa lini, alifika lini, aliadhibiwa mara ngapi, alioa nani, alizikwa wapi.

Nasema ukweli, nilisikia wivu. Yaani mwizi wa kondoo wa miaka 200 iliyopita anajulikana alipofia, lakini baba wa mzee wangu, aliyechukuliwa mtoto wake akiwa tayari amezaliwa na yuko hai mpaka leo, hajulikani?

Siku hiyo nilishuka mjini nikapita karibu na lile gereza la zamani la matofali, lile watu wanaloliita 1930 kwa sababu ya mwaka Wabelgiji walipolijenga. Wafungwa walishahamishiwa Mageragere, kuta zimebaki. Nikajiambia, hawa Wabelgiji walikuwa watu wa kujenga gereza na kuandika mwaka wake. Hawakushindwa kuandika watu.

Kumbe hata sisi tunao wafungwa wetu waliohamishwa, na ni wengi. Kongo ya Wabelgiji kulikuwa na adhabu waliyoiita relegasioni. Mtu anaondolewa kwao, anapelekwa mbali sana, bila kupita mahakamani, kwa amri tu ya mkubwa wa serikali. Aliyeadhibiwa hivyo hakuhitaji kuiba wala kuua. Ilitosha aonekane ni hatari.

Anayejulikana zaidi ni Simon Kimbangu, ingawa yeye alipitishwa mahakamani. Alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwezi wa nne 1921. Mwezi wa kumi mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha iwe kifungo cha maisha. Akavushwa nchi nzima mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafia huko gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Alihubiri miezi isiyofika sita, akafungwa miaka 30. Wafuasi wake walitawanywa kila upande, wengine mpaka huku mashariki, kwenye kambi ya Lowa. Kanisa lake hutaja familia 37,000 zilizohamishwa. Wapo watafiti wanaoona idadi hiyo ni kubwa mno. Ubishi wa namna hiyo utaisha vipi bila kufungua mafaili?

Huku kwetu Kivu, mwaka 1944, watu wa Kitawala walisimama dhidi ya Wabelgiji, Masisi na Walikale mpaka upande wa Lubutu, wakiongozwa na Bushiri Lungundu. Jeshi likaletwa. Waliokufa walikufa, waliobaki wengi walifungwa au walihamishwa. Baba wa mzee wangu naamini yumo humo.

Hata wakubwa hawakupona. Mfalme Yuhi Musinga wa Rwanda aliondolewa kwenye kiti tarehe 12 Novemba 1931, akapelekwa Kamembe. Mwaka 1940 wakaona hapo bado ni karibu, wakamvusha mpaka Moba, kando ya ziwa Tanganyika, na huko akafariki 1944. Na kuna mama mmoja ambaye vijana wengi hawamjui, Muhumusa wa Nyabingi. Wajerumani walimfunga Bukoba, baadaye Waingereza wakamkamata 1911, wakamweka Kampala mpaka alipofariki 1945. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miaka 30. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwenye ripoti za maofisa waliomwogopa.

Hapo ndipo penye shida, na sitaki kuificha. Faili la mfungwa limeandikwa na anayemfunga. Halimwiti "baba" wala "mwalimu" wala "mtu wa maombi". Linamwita mchawi, mchochezi, mtu hatari. Hata rejista ya Australia inakwambia kovu liko mkono gani, haikwambii mtu huyo alikuwa akiimba nini. Kwa hiyo ukisoma, tenganisha. Tarehe, mahali, majina ya waliokuwa pamoja naye, hayo yana faida, maana karani hakuwa na sababu kubwa ya kudanganya. Lakini sehemu inayosema tabia ya mtu, hapo unasoma tabia ya mwandishi.

Jambo lingine ni majina. Muhumusa mwingine ameandika Muhumuza. Mfalme wa Bunyoro aliyepelekwa Seychelles 1899, hapa utamkuta Kabalega, kule Kabarega. Sasa fikiria baba wa mtu wa kawaida, karani ni Mbelgiji, anasikia jina la Kihunde au Kinyanga kwa mara ya kwanza maishani. Ataandika anavyosikia. Ukitafuta kwa herufi moja tu, utasema hayumo, kumbe yumo.

Na hili sisi wakimbizi tunalijua kwa mwili wetu. Kwenye kadi yangu ya kwanza jina la mama yangu lilikosewa herufi mbili. Mwandishi alikuwa na haraka, mama aliogopa kumsahihisha. Kulirekebisha kumechukua miaka. Mjukuu wangu akinitafuta siku moja, atakuta familia mbili badala ya moja.

Najua kuna watakaosema, "Wewe unachimba makaburi, sisi tunawaza chakula." Nawaelewa, na mimi nakula chakula hichohicho. Lakini angalieni Kenya. Wazee wa Mau Mau walikwenda kushtaki London mwaka 2009, wakisema waliteswa kwenye kambi za Waingereza. Mwanzoni walikuwa na maneno yao na makovu yao. Halafu mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba kuna maelfu ya mafaili ya makoloni iliyoyaficha miaka yote mahali panapoitwa Hanslope Park. Mwezi wa sita 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Maneno ya mzee yalikuwa kweli tangu mwanzo, lakini karatasi iliwafunga wengine midomo.

Na kwetu sisi wa Kivu kuna jambo zito zaidi. Wengine babu zao hawakufungwa, walihamishwa na kuandikwa tu. Kuanzia 1937 Wabelgiji walitoa familia nyingi Rwanda wakazipeleka Gishari, Masisi, kwa mpango waliouita MIB. Leo mjukuu anaulizwa kila mahali, "Wewe ni wa wapi hasa?" Karatasi ya babu yake si jibu lote, lakini ni sehemu ya jibu.

Wengine watasema orodha za majina zinaua. Hilo silibishi, na siwezi kulibisha nikiwa Kigali. Wabelgiji ndio walioandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho kilikuwa hukumu ya kifo barabarani. Ndiyo maana sisemi kila kitu kiwekwe hadharani. Nasema familia ipewe haki ya kuona habari za mtu wake, na anayetunza karatasi ajue ameshika maisha ya watu.

Basi tufanye nini?

Kwanza sisi vijana. Kila mmoja ana simu. Kaa na mzee mmoja, mwache aseme kwa lugha yake, rekodi. Uliza majina yote ya mtu, ya nyumbani, ya ubatizo na ya utani. Uliza mwaka kwa matukio, njaa ipi, volkano ipi, chifu gani. Siku mafaili yakifunguka, hizo ndizo funguo. Na picha za kadi zako na za wazazi wako zihifadhi mahali pawili, maana hema huvuja na simu huibwa.

Pili, ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika. Mwulize mtu jina lake, liandike, kisha msomee alisikie kabla hajatia kidole. Sera ya UNHCR ya mwaka 2015 juu ya kulinda taarifa za watu inatambua kwamba mtu anaweza kuomba kuona taarifa zake na kuomba zisahihishwe. Wakimbizi wangapi wanajua hilo? Waambieni. Na kambi ikifungwa, kama Gihembe ilivyofungwa 2021 na watu wakaenda Mahama, mafaili nayo yasafiri salama kama watu.

Tatu, Ubelgiji. Nyaraka nyingi za Kongo na za Rwanda-Urundi ziko Brussels. Bunge lao liliunda tume juu ya ukoloni mwaka 2020, ikamalizika Desemba 2022 bila kukubaliana hata juu ya kuomba msamaha. Sawa, neno la msamaha libishaniwe. Orodha za waliohamishwa hazihitaji ubishi, zinahitaji mtu wa kuzipiga picha na kuziweka mahali ambapo mtu wa Masisi anaweza kutafuta jina bila viza.

Yule mzee nilimrudia. Nilimwomba msamaha kwa kuandika vibaya, akacheka, hakuwa anajua nimeandika nini. Tukajaza upya. Pale kwenye mahali alipofia nafasi ni ndogo, nikaandika kwa herufi ndogo: "Alichukuliwa na serikali ya Wabelgiji, Masisi, karibu 1944, hakurudishwa." Nikamsomea. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Sasa njo vile."

Na wewe unayesoma hapa, kwenu nani alibebwa na hakurudi? Waulize wazee jioni hii, uandike chini jina lake, namna zote mnazolitamka.