Tamko Kuhusu Ulinzi wa Masafa ya Gigahezi 23.8

Sisi, watabiri na wanasayansi wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki tulioungana katika chama kimoja, tunatoa tamko hili kwa mamlaka za mawasiliano, kampuni za simu na umma, wakati nchi zetu zinajiandaa kwa mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2027.

Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, hewa ikiwemo. Hatuzungumzii mionzi ya eksirei wala ya mabomu, bali mawimbi hafifu mno ambayo mvuke wa maji huyatoa wenyewe, hasa karibu na gigahezi 22. Vyombo vya satelaiti huyapima kwenye 23.8. Mahali hapo pamepangwa na maumbile ya molekuli ya maji. Hakuna kamati inayoweza kutuhamishia kwingine.

Satelaiti haipimi unyevu moja kwa moja. Modeli za usafiri wa mnururisho, kama RTTOV ya Ulaya na CRTM ya Marekani, huchukua hali ya hewa inayotarajiwa, tabaka kwa tabaka, zikakokotoa ni mnururisho kiasi gani ungetolewa, ungefyonzwa na ungefika juu kwenye chombo. Jibu hilo hulinganishwa na kipimo halisi, na tofauti inayobaki ndiyo inayosahihisha utabiri. Kazi hii ina uzito wa pekee juu ya Bahari ya Hindi, ambako maputo ya vipimo ni haba. Kwenye masafa haya maji ya bahari hutoa takriban nusu tu ya mnururisho ambao joto lake lingeruhusu, hivyo huonekana baridi. Mvuke ukiongezeka juu yake, kipimo hupanda. Kimbunga Hidaya kilipokikaribia kisiwa cha Mafia mwezi Mei 2024, kilikuwa kimetokea kwenye bahari ya namna hiyo.

Sasa mnara wa 5G unaotumia masafa yanayoanzia gigahezi 24.25 huvujisha nguvu kidogo pembeni, hadi kwenye 23.8. Modeli inajua mvuke, oksijeni, matone ya mvua na uso wa bahari. Mnara wa simu haumo katika hesabu zake. Kelele ikiwa kubwa, tunaitambua na kukitupa kipimo. Inayotutia hofu ni ile ndogo: inapita ukaguzi, inasomeka kama unyevu, na kompyuta inauweka angani mvuke usiokuwepo. Isitoshe, kipimo hichohicho hutumika kukadiria maji yaliyo mawinguni, kwa hiyo kosa huweza kuhamia hadi kwenye vipimo vya joto vya gigahezi 50 na kitu.

Kwenye mkutano kama huo uliofanyika Sharm el-Sheikh mwaka 2019, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitaka uvujaji wa minara usizidi desibeli-wati -55 kwa kila megahezi 200. Kilichopitishwa ni -33, na -39 kwa minara itakayoanza kazi baada ya 1 Septemba 2027. Kwa lugha nyepesi, hata ukomo huo mkali zaidi unaruhusu nguvu takriban mara 40 ya ile iliyoombwa. Na mnara utakaowashwa kabla ya tarehe hiyo utabaki na ruhusa yake ya zamani, jambo ambalo kwetu ni kishawishi cha kuharakisha ujenzi.

Hatuipingi 5G. Tahadhari zetu wenyewe humfikia mvuvi kwa simu.

Tunachotaka ni kwamba mamlaka za mawasiliano zitumie ukomo wa -39 kuanzia sasa, bila kusubiri 2027, na zigawe kwanza masafa ya juu, yaliyo mbali na 24.25, ndipo zishuke. Tunataka mahali ilipo minara hiyo na tarehe ya kuwashwa kwake vifikishwe kwa mamlaka za hali ya hewa, ili kipimo cha kutiliwa shaka kiweze kulinganishwa na ramani. Katika kila ujumbe utakaokwenda kwenye mkutano wa 2027, awemo mtabiri mwenye haki ya kusema, si wa kujaza kiti. Na vyuo vikuu vyetu vifundishe modeli hizi kwa vitendo. RTTOV hutolewa bure kwa anayejisajili. Kinachohitajika ni mwalimu, kompyuta na muda kwenye ratiba.