Fundi Ujenzi Naye Apewe cha Kushika

Fundi saa anapomaliza kutengeneza saa aliyoletewa halazimiki kuirudisha kabla ya kulipwa. Sheria ya Mikataba, iliyoanza kutumika nchini mwaka 1961, inampa haki ya kuishikilia mpaka mwenyewe atoe ujira waliopatana. Fundi wa magari na fundi cherehani ni hivyo hivyo. Lakini mwashi aliyejenga nyumba, seremala aliyeipaua, na mfanyabiashara aliyetoa saruji na nondo kwa mkopo, hao hawana cha kushika. Tofali likishaingia ukutani limekuwa sehemu ya kiwanja, na kiwanja kina mwenyewe. Anayedai hubaki na karatasi mkononi, akapange foleni mahakamani pamoja na wadai wengine wote. Na mdaiwa akiwa amefilisika, benki yenye rehani ndiyo itakayotangulia kula.

Upungufu huu ni wa kurithi. Sheria za Uingereza zilizoletwa hapa na wakoloni hazikumpa mjenzi haki yoyote juu ya jengo. Waingereza wenyewe waliyaona matokeo yake Januari 2018, kampuni kubwa ya ujenzi ya Carillion ilipoanguka na kuwaacha wakandarasi wadogo na wauzaji wa vifaa kwa maelfu wakidai fedha zao.

Marekani, nchi isiyosifika sana kwa kumjali mfanyakazi, ilichukua njia nyingine. Mwaka 1791, mji mkuu wa Washington ulipokuwa unaanza kujengwa, Bunge la jimbo la Maryland lilipitisha sheria iliyowapa wajenzi na wauzaji wa vifaa haki juu ya jengo lenyewe. Haikuwa huruma. Mji ulikuwa bado mashamba na mapori, fedha zilikuwa haba, na hapakuwa na fundi aliyekuwa tayari kukopesha nguvu zake bila dhamana. Leo majimbo yote ya nchi hiyo yana sheria ya namna hiyo, na California iliiandika katika Katiba yake ya mwaka 1879.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miongoni mwa imani za TANU haki ya kila mtu kupata malipo halali kwa kazi yake, na Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema jambo hilo hilo. Ni ajabu basi kwamba mabepari ndio waliotangulia kulitafutia nyenzo.

Nyenzo yenyewe si ngumu kuielewa. Huko California, fundi au muuza vifaa asiye na mkataba na mwenye nyumba humpelekea taarifa ndani ya siku 20 tangu aanze kazi au alete vifaa. Asipolipwa, huandikisha dai lake katika daftari la ardhi la wilaya, kwa kawaida ndani ya siku 90 baada ya ujenzi kumalizika. Kisha ana siku 90 nyingine za kufungua kesi; akizembea, dai linakufa. Mahakama inaweza kuamuru nyumba iuzwe ili deni lilipwe, lakini mara nyingi mambo hayafiki huko. Mnunuzi au benki ikilikagua daftari na kulikuta deni, mwenye nyumba hupata haraka ya kulimaliza.

Mwalimu anayejenga kidogo kidogo kwa mshahara wake atauliza, na ana haki ya kuuliza: akimlipa mkandarasi fedha zote, naye mkandarasi akawadhulumu mafundi, nyumba si itauzwa kwa kosa la mwingine? Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana taarifa ile ya mwanzo ina uzito: humjulisha mwenye nyumba ni nani walio kazini, na kabla ya kila malipo hudai sahihi zao kwamba wamekwisha pata chao.

Majengo ya umma ni jambo jingine, kwani shule haiwezi kupigwa mnada. Kwa hayo, sheria ya Marekani ya mwaka 1935 humtaka mkandarasi wa Serikali Kuu aweke dhamana ya malipo kwa ajili ya mafundi na wauzaji kabla ya kuanza kazi. Lakini dhamana hiyo haimsaidii mkandarasi mwenyewe pale mdaiwa anapokuwa Serikali. Hati yake ya malipo ikilala mezani kwa miezi kwa sababu ofisa hajaitia sahihi, hakuna sheria ya Maryland itakayoiamsha, na vibarua wake hawatapata posho. Dawa ya hapo imo mikononi mwa ofisa huyo.

Kwa majengo ya watu binafsi na makampuni, Tume ya Kurekebisha Sheria ingefaa ilitazame suala hili. Rehani huandikishwa kwa Msajili wa Hati. Dai la fundi nalo lingeweza kuandikishwa hapo hapo. Ugumu uko kwenye nyumba nyingi zilizojengwa katika maeneo yasiyopimwa, ambazo hazimo katika daftari lolote la Msajili. Kwa hizo, taarifa ya fundi ingepokelewa na kutunzwa katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, ambako mauziano ya nyumba hizo hushuhudiwa.