Kamera Nayo Hujeruhi

Watumishi wa Serikali na walimu wa Manyamanyama, mjini Bunda, wanaishi karibu na Serengeti kuliko wageni wanaolipa mamia ya dola kuja kuiona. Lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Basi la shule huweza kuingia asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo suala la kupiga picha hifadhini si la Wazungu peke yao.

Imezoeleka kudhani kwamba mwenye bunduki ni adui wa mnyama na mwenye kamera ni rafiki. Dhana hiyo haina budi kuchunguzwa. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za usiku katika nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20, alifunga mifugo hai iwe chambo ili simba waje wapigwe picha. Ulaya ilizisifu picha hizo, punda hakuulizwa.

Leo punda hafungwi, lakini tamaa ni ile ile: kunasa yale ambayo mnyama huyafanya faraghani, yaani kuzaa, kunyonyesha na kuwinda. Duma huumia zaidi kwa kuwa huwinda mchana. Magari yakimzunguka, swala hushtuka, mawindo huponyoka na watoto hulala njaa. Utafiti wa Femke Broekhuis, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba huko Maasai Mara, ng'ambo ya mpaka, majike wa duma waliokaa penye watalii wengi walikuza hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 tu. Penye watalii wachache walikuza 2.3. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuisoma hesabu hiyo.

Hapa nchini aibu ilitokea Julai 2025, huko Kogatende, wageni waliposhuka magarini na kuwazibia njia nyumbu waliokuwa wakivuka Mto Mara. Picha zilienea duniani, na TANAPA ikalazimika kutoa tamko. Lawama nyingi ziliwaangukia wageni. Ni haki, lakini haitoshi. Dereva ndiye anayezijua kanuni, naye mara nyingi hutegemea bakshishi. Mgeni anaponong'ona kwamba asogee kidogo, dereva huona ada ya mwanawe. Ujira wa haki utamlinda duma kuliko mabango kumi.

Naye mkulima wa Bunda, anayekesha shambani akifukuza tembo, ataamini vipi kwamba sheria ni moja iwapo mvunja kanuni mwenye dola huonywa tu? Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1977 yampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri. Haikumtoa mgeni wala wakala wake.

Walimu wanaweza kuanza bila kungoja waraka. Wanafunzi watakapopelekwa Ndabaka, kila atakayepiga picha aandike mnyama alikuwa akifanya nini kabla gari halijasimama, na alifanya nini baadaye. Madaftari hayo yapelekwe kwa wahifadhi.