Uso wa Bibi Harusi Si Bango Letu



Msimu wa harusi ukikaribia, sisi tunaokula kwa kazi za mikono yetu hukimbilia maduka ya uchapaji. Mafundi cherehani, wapambaji, wapishi wa keki, wapiga hina, watengenezaji wa singo na udi, sote tunataka kadi mpya, vipeperushi, stika na bango la kutundika mlangoni. Ni jambo jema, maana biashara isiyojulikana haiuzi. Lakini kuna tabia imeingia kati yetu, na tunaona haya kuisema kwa sababu anayeifanya ni mwenzetu: tunachapisha nyuso za mabibi harusi waliotuamini.

Msimamo wetu ni huu. Picha ya bibi harusi ni amana. Haichapishwi kwenye karatasi ya biashara bila ridhaa yake, na hata ridhaa ikiwepo, bora tuiache. Tuna njia nyingine za kuonyesha kazi, na nyingi ni za bei ndogo zaidi.

Karatasi haina njia ya kurudi

Harusi zetu nyingi hapa visiwani zina upande wa wanawake peke yao. Buibui linavuliwa mlangoni, mtandio unashushwa, na bibi harusi anakaa juu ya kiti chake akiwa na nywele wazi, mikono imejaa hina, gauni limembana kiunoni. Amekubali kuonekana hivyo kwa sababu anajua waliopo. Kumbi nyingine zinazuia simu, na familia nyingi zinatafuta mpiga picha mwanamke kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi wake naye yupo pale, kaja kumfunga vishikizo na kumnyoosha mkia wa gauni. Anapiga picha mbili tatu kwa simu, "nione kazi yangu tu." Baada ya mwezi picha ile iko kwenye vipeperushi 500 vinavyogaiwa Darajani.

Kitu kilichowekwa kwenye simu kinaweza kufutwa, ingawa nacho kinakuwa kimeshasambaa. Kipeperushi hakifutiki. Kinasomwa na konda wa daladala, kinabandikwa ukutani kwenye kinyozi, kinakanyagwa sokoni, na mwisho wake kinafungiwa njugu au kitumbua. Hakuna anayeweza kuzunguka mji mzima kukusanya karatasi 500. Sasa fikirini mume aliyeoa wiki tatu zilizopita, anafungua karatasi ya njugu barazani mbele ya wenzake, na ndani yake kuna mkewe. Ndoa changa inaanza na maswali: nani alikupiga, ulimruhusu nani, ulilipwa nini? Na mtoto wa watu hana jibu, maana hata yeye hakujua.

Sura ya An-Nur inatufundisha wanawake nani wa kuonyeshwa mapambo yetu na nani si wa kuonyeshwa. Aliyejificha kwa kufuata amri hiyo, sisi tukamfunua kwa ajili ya kuuza gauni, tumemvunjia haki yake na tumeingia katika khiyana. Tusijifariji kwamba ni tangazo tu.

"Lakini alikubali"

Wengine watasema waliomba ruhusa. Tuulizane: waliomba lini na kwa maneno gani?

Kama tulimuuliza bibi harusi akiwa amesimama kwenye kioo, gauni halijaisha, siku nne kabla ya harusi, hiyo si ruhusa ya kutegemea. Wakati ule atakubali lolote ili nguo yake itoke. Kama tulimuuliza mama yake au shangazi yake, tumemuuliza asiye mwenyewe. Na kama tulimwambia "tupige picha kidogo" bila kumwambia itakwenda kwenye bango la mita mbili, hakuruhusu bango.

Lipo na la punguzo. Kuna wanaomwambia bibi harusi: ukikubali picha tutakupunguzia bei. Linasikika kama hisani, lakini angalieni nani analikubali. Mwenye uwezo atalipa bei kamili na uso wake utabaki ndani. Anayekubali ni yule ambaye baba yake amekopa ukumbi na mama yake anauza bidhaa za mikononi. Hapo tumefanya stara iwe ya wenye pesa. Tukitaka kumsaidia maskini, tumpunguzie kwa ajili ya Allah na tusimdai uso wake kama malipo.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mteja anataka kuona nguo imevaliwa. Gauni kwenye hanga halionyeshi kiuno wala bega linavyokaa. Ni kweli. Kwa hiyo tuwe na albamu ya dukani, iliyochapishwa vizuri, inayokaa ndani ya mtoto wa meza na kutolewa kwa wateja wanawake tu, yenye picha za waliokubali kwa kuandika. Bibi harusi akibadilisha mawazo mwaka unaofuata, tunatoa picha yake moja na kumkabidhi mkononi. Albamu inaweza kurudishwa nyuma. Kipeperushi hakiwezi.

Kanga imeshatufundisha

Wanaosema tangazo la mwanamke haliendi bila sura ya mwanamke wamesahau nguo waliyojifunga kiunoni. Kanga ni kitu kilichochapishwa kinachotangazika kuliko bango lolote. Ina pindo, ina mji, ina jina lake, na imetembea Zanzibar, Mombasa, Lamu hadi Muscat. Kule Mombasa, kanga za Kaderdina zilijulikana kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", na wanawake wanaitambua alama hiyo kwa kuitupia jicho. Ni maneno matatu tu.

Hilo ndilo somo la uchapaji kwa biashara ndogo: alama moja isiyobadilika, maneno machache, rangi zinazojulikana. Bango lenye picha nane, namba nne za simu na orodha ya huduma kumi na tano halisomwi na mtu aliye ndani ya daladala inayokimbia.

Sisi washonaji tuna utajiri mwingine ambao hakuna duka la uchapaji linaloweza kuutoa: mabaki ya vitambaa. Chukua kadi ngumu, piga mhuri wa jina na namba yako, bana kipande cha leso au satini ulichoshonea pindo kwa mkono. Mteja anashika kazi yako kwa vidole. Kadi hiyo haitupwi haraka, na haina uso wa mtu. Mpambaji achapishe kiti na maua kabla bibi harusi hajakaa. Mpishi achapishe keki. Mpiga hina achore maua yake kwenye karatasi, ayapige picha hayo. Gauni livalishwe mdoli wa dukani na lipigwe kwenye mwanga wa asubuhi.

Na tusichukue magauni ya Uturuki au Dubai kwenye intaneti tukayachapisha kama yetu. Mnakijua kisa cha Mtume, rehma na amani zimfikie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Alimkemea muuzaji kwa kuficha kile kibovu, na akabainisha kwamba mdanganyifu hayumo katika njia yake. Kipeperushi chenye gauni ambalo hatukulishona, wala hatuwezi kulishona, ni lundo lile lile: juu kavu, chini maji.

Jina la Allah lisiende chini

Kwa nia njema kabisa, wengi wetu tunaweka Bismillahi au aya juu ya kadi, stika na mifuko. Tukumbuke njia tuliyoitaja, kutoka mkononi hadi sokoni, hadi kwenye mtaro. Mfuko wenye jina la Allah utabeba samaki kesho na kutupwa jaani keshokutwa. Aya iwe ukutani dukani, mahali pa juu na safi. Bismillahi tuiseme kwa ulimi tunapokata kitambaa. Baraka haitapungua, na heshima itabaki mahali pake.

Chapisha kwanza kinachomlinda mteja

Tukiwa na pesa kidogo ya uchapaji, wengi tunaanza na bango. Sisi tunasema anzeni na kitabu cha oda, chenye nakala mbili. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuagiza kuandika deni linapokuwa la muda. Gauni lililolipiwa arbuni ni deni. Kwenye karatasi yake kuwe na haya: kitambaa kilichopokelewa na mita zake, vipimo, siku ya kujaribu, siku ya kuchukua, bei yote, arbuni na baki. Chini kabisa kuwe na mstari wa picha wenye majibu matatu: hapana, albamu ya dukani tu, au kazi pekee bila uso wala mwili. Bibi harusi aweke alama mwenyewe siku anapoleta kitambaa, kabla hajawa na haraka ya kitu chochote. Asipoweka alama, jibu ni hapana.

Karatasi hiyo moja inazuia ugomvi mwingi kuliko bango linavyoleta wateja. Na bibi harusi aliyechukuliwa kwa heshima ndiye atakayewapa shoga zake watano namba yako.

Cha pili ni stika ya bidhaa. Mnaouza singo, mafuta na hina, andikeni kilichomo na tarehe ya kutengenezwa. Hapa tunasisitiza piko na hina nyeusi. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa inayoiva kuwa nyekundu au kahawia, na huchukua saa kadhaa. Inayotoka nyeusi kwa muda mfupi mara nyingi imetiwa kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD, ambayo huwachoma baadhi ya watu ngozi ikatoka malengelenge na kuacha kovu. Stika iseme hivyo, na imwambie mteja ajaribu kidogo kwenye mkono siku mbili kabla. Kovu la usiku wa hina linabaki baada ya picha zote kuchakaa.

Mambo machache ya dukani kwa mchapaji

Picha iliyopitishwa WhatsApp mara tatu imebanwa. Ikikuzwa inakuwa ukungu. Tuma faili kama dokumenti, na mwambie mtengenezaji aiandae kwa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa karatasi. Kadi ya biashara iwe karatasi ya gramu 300 hivi. Kipeperushi kinatosha na gramu 130 au 150. Stika za mafuta na singo ziwe za plastiki au zenye kifuniko cha lamineti, la sivyo wino utayeyuka mkononi. Rangi nyekundu na njano hupauka mapema kwenye jua letu, kwa hiyo jina na namba kwenye bango la nje ziwe nyeusi au buluu iliyokoza. Idadi ndogo ichapwe kwa mashine ya kidijitali. Ofseti inaanza kuwa nafuu kwa wingi, kwa sababu gharama ya kutengeneza bati ni ile ile kwa nakala 100 au 5,000. Na usiruhusu kazi yote kuchapwa kabla hujashika nakala moja ya majaribio na kuipiga simu ile namba iliyoandikwa.

Nawe bibi harusi unayesoma, usione haya kumuuliza fundi, mpambaji na mpiga picha: picha zangu zitakaa wapi, nani ataziona, na zitafutwa lini? Uliza kabla ya kutoa arbuni. Anayekasirika kwa swali hilo amekwishakujibu.

Wenzetu wa biashara, tunaomba tuanze na msimu huu huu, kabla ya harusi za Mfunguo Mosi hazijatubana. Kila mmoja apitie vilivyobaki dukani kwake. Kipeperushi chenye uso wa mtu ambaye hakuruhusu kisigaiwe tena. Kichanwe vipande vidogo au kichomwe, na bango lishushwe. Hasara ya karatasi chache tutaifidia kwa wiki moja ya kazi.

Allah atubarikie rizki zetu, na atusitiri kama tunavyowasitiri wenzetu. Wabillahi tawfiq.