Piga 115, Usingoje Kikao



Mama mjamzito akitokwa damu, damu haingoji baba arudi kutoka shambani. Haingoji kikao cha ukoo. Zamani tulimbeba mama kwa machela au baiskeli. Siku hizi simu huita gari.

Mwaka 2022 Serikali ilizindua mpango wa M-Mama kwa nchi nzima. Namba yake ni 115. Kupiga ni bure. Anayepokea atauliza mama yuko wapi na ana shida gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali, ataita dereva wa karibu aliyeandikishwa. Mama halipi nauli.

Piga ukiona dalili hizi: kutokwa damu, kifafa cha mimba, kichwa kuuma sana, macho kuona giza.

Wengine husema mambo ya simu ni ya watu wa mjini. Mimi sikubali. Lakini simu haijipigi yenyewe. Baba na mama, amueni mapema nani atapiga, na kwa simu ya nani.

Umejifunza kusoma tarakimu. Ziandike hizi tatu mlangoni kwa mkaa: 115.