Brashi na Bango: Somo la Norman Lewis
Wapo wanaodai kwamba mchoraji asiyechora watu amewakimbia watu. Maisha ya Norman Lewis (1909–1979), Mmarekani mweusi wa Harlem, yanalikanusha dai hilo. Mwaka 1940 alichora familia iliyofukuzwa nyumbani. Baadaye akahamia sanaa dhahania, akiamini kwamba picha peke yake haiondoi dhuluma.

Hakunyamaza. Katika *American Totem* ya mwaka 1960, umbo jeupe lililozungukwa na weusi lakumbusha kofia za Ku Klux Klan. Mwaka 1969 alijiunga na waandamanaji nje ya Metropolitan Museum, New York, lililoandaa onyesho kuhusu Harlem bila michoro ya wasanii wake.

Tusiigeuze brashi kuwa bango. Dhuluma hudai miguu barabarani, ya msanii na yetu pia.