Seleri ya mlangoni: bustani ndani ya bidoni



Wengi wetu tulikulia mashambani, huko Masisi, Rutshuru ao Kalehe, na jembe tunalijua. Lakini hapa Goma jembe linagonga jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikafika Buhene. Tunajenga juu ya mawe, tunapika juu ya mawe, na seleri tunanunua.

Tufanye hesabu kidogo. Mama anayetoa faranga 500 kila siku kwa seleri na pwaro za kutia ndani ya sombe ao maharagwe, kwa siku 30 ametoa faranga 15.000. Barabara ya mashamba ikifungwa, fungu linakuwa dogo na bei inabaki ileile. Pesa hizo ni daftari za watoto, ao ni sehemu yetu ya AVEC.

Dawa yake ni kupanda ndani ya chombo. Tena chombo kina faida moja ambayo shamba halina: wengi wetu ni wapangaji, na siku ya kuhama bidoni inabebwa pamoja na masufuria.

Chombo. Bidoni ya manjano ya litre 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia inafaa sana. Tuilaze, tukate ubavu wa juu, kisha tutoboe matundu sita ao nane chini ili maji yatoke. Gunia, ndoo iliyopasuka na beseni kuukuu vinafaa pia. Lakini tusitumie hata siku moja chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu, rangi, petroli ao mafuta ya gari. Kukiosha hakutoshi, na sumu inaweza kupita ndani ya udongo mpaka kwenye majani anayokula mtoto.

Udongo. Chini tuweke vijiwe vidogo vya volkano, kimo cha vidole vitatu. Vile vinavyotusumbua miguuni, hapa vinasaidia: vinapitisha maji na mizizi haiozi. Juu yake tutie ndoo mbili za udongo mweusi zilizochanganywa na ndoo moja ya mbolea ya mbuzi, ya sungura ao ya maganda ya jikoni. Mbolea ikae kwanza miezi mitatu. Ile mbichi inaunguza mizizi na inabeba vijidudu.

Mimea. Tusianze na mbegu, tuanze na yale tunayotupa. Tununue pwaro zenye mizizi, tukate vidole viwili juu ya mizizi, kile kipande cha chini tukipande. Majani mapya hayakawii. Seleri yenye mizizi tuifanyie vilevile. Mbegu ya seleri ni ndogo sana: tuinyunyize juu ya udongo bila kuifukia, maana inataka mwangaza, na tuvumilie wiki mbili ao tatu. Tuvune mashina ya pembeni tu, moyo ubaki. Seleri inakubali kivuli kidogo, kwa hiyo hata parseli iliyobanwa na nyumba inafaa. Pilipili yenyewe inataka jua.

Maji. Tunajua bidoni moja ya maji inatoka wapi na inabebwa na mgongo wa nani. Basi tumwagilie maji tuliyooshea mchele ao mboga, asubuhi ao jioni. Maji ya sabuni na ya kufulia nepi hayafai. Kutoka mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati wa jua, tufunike udongo na majani makavu ili usikauke upesi. Majivu ya volkano yakianguka, tuoshe majani ya mimea. Na kwa sababu kolera tunaifahamu katika mji huu, majani yanayoliwa mabichi tuyaoshe kila mara kwa maji safi yenye klore, hata kama yametoka mlangoni petu.

Watoto wasiachwe pembeni. Sisi walimu tunaona kwamba mtoto anayesumbuka na vipimo ubaoni anavielewa akishika rula mwenyewe. Kila Jumamosi apime jani moja la pwaro, aandike tarehe na santimetre katika daftari. Baada ya mwezi tumuulize: limeongezeka kiasi gani kwa wiki? Hilo ni somo zima la hesabu, na halidai chochote.

Kwa vikundi tunapendekeza likelemba ya miche. Kila mkutano, kila mama alete mche mmoja, wote wapewe mwenzetu mmoja. Tukiwa kumi na wawili, baada ya mikutano kumi na miwili hakuna nyumba iliyobaki bila kitu. Tuanze na yule aliyefika mjini karibuni, ambaye bado hana hata bidoni ya kukata.

Kazi ya wiki hii: bidoni moja, pwaro tatu. Wiki ijayo tutaongea namna ya kutengeneza mbolea kwa maganda ya ndizi na ya viazi.